Jioni Moja Kisiwani Rusinga

Mlezi wa chama chetu alipotuagiza kila mwanachama aandike juu ya safari aliyoifanya likizo ya Agosti, wenzangu wengi walikimbilia Mombasa. Wengine wao hawajawahi kufika hata Mau Summit, lakini katika insha zao mawimbi yanavuma na minazi inayumba. Mimi sina bahari. Nina ziwa tu, na daraja moja, na bahasha iliyoshonewa ndani ya suruali yangu. Nitaeleza kama mambo yalivyokuwa. Aliye na haraka na aruke ukurasa huu.

Mimi ni mtoto wa chai. Kwetu ukifungua dirisha asubuhi ni kijani kitupu mpaka macho yachoke: mashamba makubwa yaliyoanzishwa miaka ya 1920 na makampuni ya Kizungu, moja likitoka Glasgow kule Skoti, na pembezoni vishamba vya wakulima wadogo waliounganishwa chini ya KTDA tangu mwaka wa 1964. Baba aliingia kuchuna chai akiwa barobaro wa miaka ishirini. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Hata leo akikaa kuzungumza na wageni vidole vyake huwa vinachuma kitu kisichokuwepo.

Usiku mmoja wakati wa likizo aliniita zizini. Jambo la kuniita zizini lilinitia wasiwasi kidogo, kwa maana baba hunena maneno mazito mbele ya ng'ombe tu.

"Utaenda Mbita," akasema. "Ukifika hapo uliza njia ya Rusinga. Kuna mzee huko, tulichuna chai pamoja. Ng'ombe yake nilikula."

Nikadhani ni mzaha. Akanitolea bahasha yenye shilingi elfu arobaini na tano. Nilipomwuliza kwa nini asitume kwa M-Pesa kama watu wengine, alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Deni ya ng'ombe haitumwi kwa simu," akajibu. Basi kwa nini asiende yeye mwenyewe? Hapo akainama akaushika mguu wake wa kushoto, akasema unamwuma. Mguu huo, msomaji, ulikuwa umepanda mlima siku hiyohiyo kutafuta kuni.

"Mpe pesa," akaendelea. "Halafu mwambie, baba amesema alikuwa ndani."

"Ndani wapi, baba?"

"Wewe mwambie hivyo tu. Ataelewa."

Mama ndiye aliyenifumbulia fumbo hilo alfajiri, akinijazia mursik katika kibuyu cha sotet ili nimpelekee mzee. Alinong'ona kama mtu anayesimulia habari za msiba. Baba na huyo mzee walikuwa wamepanga vyumba viwili nje ya shamba la chai, ukuta mmoja katikati. Mzee ni Mjaluo wa Rusinga, mkubwa kwa baba kwa miaka kumi na kitu, na ndiye aliyemfundisha kuchuna bila kukata mikono. Katika sikukuu moja mzee alinunua ng'ombe soko la Sondu kwa akiba yake, na kwa kuwa hakuwa na mahali pa kumfuga, baba akampeleka kwa nyanya yetu upande wa Bomet. Sisi Wakipsigis tuna desturi hiyo, huitwa kimanagan. Unampa rafiki yako ng'ombe amtunze. Mtunzaji hunywa maziwa, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki mali ya mwenyewe. Ni kama benki, ila benki yenyewe hulia mooo.

Ndipo mambo yakaharibika. Wale waliosoma historia ya nchi hii wanajua kwamba mwishoni mwa Oktoba 1991 fujo za kikabila zilianza katika shamba la Miteitei, Nandi, na kufikia 1992 zilikuwa zimeenea hadi mipaka ya Kericho na Ujaluoni. Zilikuwa siku za kudai vyama vingi, na jirani aliyekuwa akikopeshana chumvi na jirani akaanza kuulizwa asili yake. Usiku mmoja mwaka huo watu walikuja kwenye vile vyumba wakiwa na mienge. Mzee akatoka na mke wake na mtoto, akabisha mlango wa baba. Baba akiwa Mkipsigis nyumba yake isingeguswa. Alibisha, akaita jina la baba, akabisha tena.

"Na baba?" nikamwuliza mama.

"Alikuwa ndani," mama akasema, akafunga sotet.

Nyanya aliugua mwaka wa 1994 na ng'ombe yule akauzwa ili alipiwe hospitali. Tangu hapo ni kimya. Hata hivyo, miaka michache iliyopita baba alianza tabia ya ajabu. Kila akienda sokoni Kericho alirudi na gorogoro ya omena. Baba hali samaki, wala wazee wake hawakula samaki. Mama aliwamwagia kuku, na kuku wakanenepa sana. Kumbe alikuwa akimnunulia mama mmoja wa Rusinga ili apate kumwuliza, pole pole, wiki baada ya wiki, kama anamjua fulani.

Guu mosi guu pili nikaondoka. Safari yenyewe sitaisimulia sana, matatu ni matatu. Sondu nilitazama mto chini ya daraja, maji mekundu kama chai iliyozidi kuchemka. Mto huo ni wetu: Kipsonoi na Yurith hukutana, zikawa Sondu, nao Sondu ukaingia Ziwa Victoria. Niliwaza kwamba udongo wa kwetu umekuwa ukienda kwa mzee huyo miaka yote bila kutumwa na mtu. Kutoka hapo ni Oyugis, Kendu Bay na Homa Bay. Joto likapanda, sweta nikaivua. Makanga akanicheka, akasema watu wa Kericho huja ziwani wamevaa kama wanaenda Ulaya.

Nilifika Mbita jua likiwa limeelekea magharibi. Ni mji mdogo wa bandari, maduka ya mabati, mashine za kusaga, akina mama wenye beseni za ngege, na huko chini maboti ya mbao yaliyopakwa rangi nyekundu, buluu na njano, yakisukumana kama ndama mlangoni mwa zizi. Feri ya kutoka Luanda K'Otieno ilikuwa ikishusha watu. Harufu ya samaki ilinipiga puani nikasimama kwanza. Mbele yake ndiyo Rusinga, karibu kiasi kwamba mtu akipiga mbinja upande huu mbwa wa upande ule hubweka. Miaka ya 1980 palijazwa mawe na udongo kuwa njia ya kuvukia, maji yakakosa kupita yakawa yanaoza. Siku hizi kuna daraja, na maji hupita chini yake.

Mzee alikuwa amesimama mwisho wa daraja. Sijui alinitambuaje. Mrefu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani katika joto lile. Nilikuwa nimekariri salamu ya Kijaluo njia nzima, nikafungua mdomo niseme "Oimore, Jaduong'," lakini yeye alinitangulia.

"Chamge, weri!"

"Chamge mising," nikajibu, na macho yakanijaa machozi bila sababu.

Kutoka hapo tuliongea Kiswahili, na hapa naomba walimu wangu wasinikasirikie. Mzee alisema "samba la chai". Baba yangu husema "shampa". Wote wawili huita ng'ombe "hiyo" na huvuruga ngeli zote ambazo sisi chamani tumezichora ubaoni kwa chaki za rangi. Lakini hawakuwa na lugha nyingine kati yao. Kwa Kiswahili hichohicho walifundishana kazi, wakakopeshana, wakawekeana ng'ombe. Mimi niliyepata alama ya A katika insha nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia, yenye maneno machache, nami niliimeza kuanzia darajani hadi nyumbani kwake.

Mwalimu wa historia bila shaka atauliza kama nilizuru kaburi la Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akazikwa hapo Rusinga. Au kama niliona mahali ambapo Mary Leakey alichimbua fuvu la Proconsul mwaka wa 1948. La, mwalimu. Niliviona kwa mbali kwa kidole cha mzee tu. Suruali yangu ilikuwa nzito.

Nyumba yake inatazama kisiwa cha Mfangano. Jua lilikuwa likizama nyuma ya kisiwa hicho, jekundu kama yai la kuku wa kienyeji. Alinionyesha kwa fimbo mahali fulani majini, hatua thelathini hivi kutoka ukingoni. "Pale ndiyo nilikuwa nalala," akasema. Mwaka wa 2020 ziwa lilifura likameza nyumba nyingi za ufuoni, na yake ikiwemo. Akahamisha mabati akajenga juu zaidi. "Mimi nimezoea kuhama," akaongeza, akacheka. Mimi sikucheka.

Mke wake, ambaye niliambiwa nimwite Dani, alituandalia ngege wa mchuzi na ugali wa mtama. Mtoto wa Kericho na samaki mzima! Tonge la tatu mwiba ukanikwama kooni. Dani akanipa tonge kavu la ugali nimeze bila kutafuna, na watoto wa jirani wakaja mlangoni kutazama mgeni anayekufa kwa samaki. Nilipona. Aibu ndiyo haikupona.

Baada ya chakula tukakaa nje. Hakukuwa na mwezi, na mzee akasema ndio usiku mzuri wa omena. Injini zikaanza kunguruma huku na kule, maboti yakatoka moja moja gizani. Kisha taa zikaanza kuwaka majini. Kwanza moja, halafu tano, halafu sikuweza kuhesabu. Zamani, alieleza, zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi ni taa za betri na sola. Taa huwekwa juu ya kielea, wavuvi wanasubiri kimya, omena wanafuata mwanga kama nondo, kisha wavu unazungushwa. Ungeziona, msomaji, ungeapa kwamba mji mkubwa umejengwa pale juu ya maji dakika ile.

Nilijua nisiposema wakati huo sitasema tena. Moyo ulinidunda kama ngoma.

"Jaduong'," nikaanza, "baba amesema nikwambie kwamba..." Sauti ikakatika. Nikameza mate. "Amesema alikuwa ndani."

Mzee hakugeuka. Aliendelea kutazama taa.

"Najua," akasema. "Nilisikia akikohoa."

Dani aliyekuwa akikusanya vyombo akasimama, kisha akaendelea. Sufuria ziligongana kwa muda. Nilitamani ardhi ipasuke, au angalau mtu apige simu.

"Alikuwa kijana," mzee akasema baadaye, wala sikujua kama anamtetea baba au anamweleza tu. "Ile usiku sisi tuliingia ndani ya chai. Tukalala chini ya majani katikati ya laini mbili mpaka asubuhi. Chai ni nzuri, inaficha mtu. Mtoto alikuwa kwa mgongo ya mama yake, tumemfunga mdomo na leso. Mimi nilifikiria amekufa." Akanyosha fimbo kuelekea majini. "Unaona taa ile ya tatu, iko peke yake? Ndio yeye."

Niliitazama taa hiyo mpaka macho yakaniuma. Nimepita katikati ya chai kila siku ya maisha yangu kwenda shuleni, na sijawahi kupima kama mtu mzima anaweza kulala chini yake asionekane. Anaweza. Nimepima tangu nirudi.

Nikafumua mshono, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Alizihesabu noti kwa mwanga wa tochi ya simu, mara moja, kisha mara ya pili akiwa ametoa kofia.

"Hii ni ya ng'ombe moja," akasema.

"Ndiyo, Jaduong'."

"Hiyo ng'ombe ilikuwa na mimba. Miezi saba. Mimi mwenyewe nilienda kuiona kwa nyanya yako kabla ya hiyo taabu." Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Kwa desturi ya kwenu, ndama ni ya nani?"

Jibu nilikuwa nalo, mama alikuwa amenipa alfajiri ile. Lakini mdomo wangu ulikuwa umepigwa kufuli. Ili nipate kufanya jambo lolote, nikakumbuka sotet ya mama, nikaikimbilia ndani nikaileta. Mzee aliifungua, akanusa, akamimina katika kikombe. Mursik ulitoka mzito wenye chembe za mkaa. Alikunywa kidogo, akafumba macho, akanywa tena.

"Hii ni maziwa ya ng'ombe yenu?"

"Ndiyo."

"Ya rangi gani?"

"Mwekundu," nikajibu.

"Nyekundu yote?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nikipelekwa wapi, lakini nilikuwa nimechelewa. Wa kwetu wana baka jeupe kwenye paji la uso. Mama yao alikuwa nalo, na mama wa mama yao, yule aliyekufa nikiwa darasa la pili nikalia siku nzima. Mimi huwaambia watu ni alama ya zizi letu.

"Ana baka jeupe," nikasema. "Hapa." Nikagusa paji langu.

Mzee akacheka. Si kicheko cha ubaya, wala sitasema kilikuwa cha furaha. Akampa Dani kikombe, naye akanywa, akamwambia neno kwa Kijaluo, wakacheka wote wawili gizani huku mimi nimekaa katikati yao kama mtuhumiwa. Kisha akanitandikia kitanda chake mwenyewe, yeye akalala kitini.

Sikulala. Niliona taa ya tatu kupitia dirishani mpaka karibu na alfajiri. Watu hudhani mtu asiye na usingizi ugenini anaogopa wezi au mbu. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya karo.

Asubuhi maboti yalirudi. Ufuo mzima ukawa wa fedha, omena wameanikwa juu ya nyavu na akina mama wakiwafukuza ndege aina ya yangeyange. Mwana wa mzee alikuja na buti zimejaa maji, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, akanipa mkono wenye magamba. Aliniuliza Kericho bado ni baridi vile? Hakumbuki chochote, alisema, ila kila akisikia harufu ya chai mbichi huhisi kiu. Sikujua nimjibu nini. Nikamwambia ndiyo, ni baridi.

Dani alinifungia gorogoro mbili za omena. Mzee alinisindikiza hadi darajani, akanirudishia bahasha ikiwa tupu. "Hii ni ya kuandikia, wewe ni mtu ya shule," akasema. "Na umwambie baba yako hivi: nimepokea ya moja. Mguu yake ikipona, mimi niko."

Nilifika nyumbani siku hiyo jioni, ukungu ukishuka juu ya chai. Baba alikuwa zizini akikama. Hakuuliza habari za safari. Aliendelea kukama mpaka maziwa yakatoa povu.

"Alisema nini?"

"Alisema alikusikia ukikohoa."

Mikono yake ikasimama. Ng'ombe akageuza kichwa kumtazama, lile baka jeupe likaonekana vizuri katika giza lililokuwa likianza. Nilimwona baba akimeza kitu kooni kama mimi na ule mwiba.

"Na pesa?"

"Amesema amepokea ya moja."

Baba aliweka kibuyu chini. Muda ukapita, mbwa wakabweka kwa jirani, wakanyamaza. "Ilizaa jike," akasema mwishowe, kwa sauti niliyoisikia kwa shida. Alianza kuhesabu kwa vidole. Jike lile lilizaa nne. Dume mbili ziliuzwa. Ya pembe moja tulimpa mjomba. Halafu yule tuliyemwuza ukaingia kidato cha kwanza. Akaniuliza kama nina kalamu. Ninayo siku zote. Tukasimama pale mpaka usiku ukaingia kabisa, yeye akitaja ng'ombe mmoja mmoja na mwaka wake, mimi nikiandika nyuma ya ile bahasha.

Nimeomba ruhusa kabla ya kuandika haya, na baba amekubali mradi nisitaje jina la mtu. Bahasha imejaa pande zote mbili. Likizo ya Desemba tunakwenda wote wawili. Ndama mmoja tutampakia katika pikapu ya jirani, na baba hajataja mguu wake tena.